Kitenzi Kilichozaliwa na Jina la Ukoo: Historia ya "Bowdlerize" na Suala la Kuchuja Fasihi

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa unayejiandaa kwa karatasi ya fasihi, huenda umewahi kukikuta kitenzi "bowdlerize" katika maandishi ya wahakiki wa Kiingereza, ukakipita kama mtu apitavyo mgeni njiani. Ni kitenzi adimu. Hakisikiki sokoni, na hata wasomi wa lugha hiyo hukitumia kwa nadra, aghalabu wanapotaka kumlaumu mtu. Anayefungua kamusi huambiwa kwamba maana yake ni kuondoa katika kitabu maneno au sehemu zinazodhaniwa kuwa chafu, hasa kwa namna inayokidhoofisha kitabu chenyewe. Maelezo hayo ni sahihi, lakini yanaficha mengi. Kitenzi hiki kimeishi karibu miaka mia mbili. Kilianza kama mzaha, kikawa jina la kazi ambayo watu wenye heshima zao waliiona kuwa huduma, kikageuka tusi, na siku hizi kinaelekea kuupoteza mpaka wake.

Makala haya yanadhamiria kuifuata safari hiyo. Utauliza, kitenzi cha Kiingereza kinatuhusu nini sisi wa Kiswahili? Kinatuhusu kwa sababu kitendo kinachotajwa nacho tunakifanya darasani mara kwa mara bila kukipa jina. Mwalimu anasoma riwaya kwa sauti, anafika ukurasa fulani, anakohoa kidogo, kisha anaendelea kutoka aya ya chini. Wanafunzi walio makini hutazamana.

Baba asomaye kwa sauti

Ukoo wa Bowdler uliishi karibu na mji wa Bath, magharibi mwa Uingereza, katika karne ya 18. Baba wa nyumba hiyo alikuwa na desturi ya kuwasomea wanawe tamthilia za Shakespeare nyakati za jioni. Watoto walizipenda mno. Walipokuwa watu wazima wakatambua kwamba baba yao alikuwa akiyaruka au kuyabadili maneno fulani papo hapo, kwa ufundi mkubwa hata hapana aliyelihisi pengo. Mwanawe, Thomas Bowdler, aliyezaliwa mwaka wa 1754 na kufariki mwaka wa 1825, aliitaja desturi hiyo kuwa chimbuko la wazo la kuchapisha Shakespeare wa aina hiyo kwa ajili ya nyumba ambazo hazikuwa na msomaji hodari kama baba yao.

Tusilipite jambo hili haraka. Kitendo hiki kilianza kinywani, wala si katika maandishi. Tunawafundisha wanafunzi wetu kwamba katika fasihi simulizi fanani huibadili ngano yake kulingana na hadhira, wakati na mahali. Mbele ya marika wake atalitaja jambo kwa jina lake. Mbele ya watoto au wakwe atatumia tasfida, au ataiacha sehemu hiyo kabisa. Hatumwiti fanani huyo mharibifu. Kinyume chake, twaihesabu hiyo kuwa sifa mojawapo ya fanani bora, na mtahiniwa anayeitaja hupata alama yake. Kwa nini basi kitendo kile kile, kikihamishwa kutoka kinywani hadi kitabuni, kigeuke kuwa kosa? Naona kwamba historia nzima ya kitenzi "bowdlerize" ni historia ya watu kulijibu swali hilo kwa namna tofauti, na mara nyingi bila kujua kwamba wanalijibu.

Jawabu langu nitalitoa mapema ili usilitafute. Fanani akimaliza, ngano bado ipo nzima kichwani mwake na vichwani mwa wazee wengine. Kesho itasimuliwa upya. Kitabu kilichokatwa hukaa rafuni kikidai kuwa ndicho. Msomaji asiyeambiwa hana njia ya kujua kilichoondolewa. Kwa hiyo uzito wa kosa hauko katika kukata peke yake. Uko katika kukata kwa siri. Tukilishika hilo, tutaona kwamba ukoo ulioupa Kiingereza kitenzi hiki haukustahili lawama yote iliyobebeshwa jina lake.

Dada aliyefichwa

Toleo la kwanza la "The Family Shakespeare", yaani Shakespeare wa kusomwa na aila nzima, lilichapishwa mjini Bath mwaka wa 1807. Lilikuwa na majuzuu manne na tamthilia 20. Halikuwa na jina la mhariri. Kwa muda mrefu watu walidhani kwamba kazi hiyo ilikuwa ya Thomas, hadi utafiti wa karne ya 20, hasa kitabu cha Noel Perrin cha mwaka wa 1969 kuhusu historia ya uchujaji wa vitabu, ulipoweka wazi kwamba aliyezikata tamthilia zile 20 alikuwa dada yake, Henrietta Maria Bowdler, ambaye jamaa zake walimwita Harriet.

Kwa nini jina lake halikuwekwa? Fikiria hali ya mwanamke wa tabaka lile wakati ule, ambaye hakuolewa na aliyesifika kwa ucha Mungu. Ili uyaondoe maneno machafu ya Shakespeare, sharti kwanza uyaelewe. Kutia jina lake jaladani kungekuwa kukiri hadharani kwamba bibi huyo anaijua maana ya mizaha ambayo mwanamke mwenye staha hakupaswa kuijua. Hivyo mchujaji akajichuja mwenyewe. Kejeli hii haijapata kukizwa, kwa maoni yangu, na yeyote kati ya wale waliolifanyia mzaha jina la nduguye.

Harriet hakuwa mtu wa hivi hivi. Mahubiri aliyoyachapisha bila jina mwanzoni mwa karne ya 19 yalitolewa matoleo mengi sana, na inasimuliwa kwamba askofu wa London alivutiwa nayo hata akataka kumpa mwandishi wake parokia, akidhani kuwa ni kasisi.

Hata kwa upande wa Shakespeare hakuwa peke yake. Mwaka huo huo wa 1807 kilitoka London kitabu kingine cha kumleta mshairi huyo kwa vijana, "Tales from Shakespeare" cha ndugu Charles na Mary Lamb. Wao hawakukata tamthilia. Walizigeuza kuwa hadithi za nathari. Kati ya hadithi 20, Mary aliandika 14 na Charles 6. Jina lililochapishwa jaladani lilikuwa la Charles peke yake, na iliwachukua wachapishaji hadi mwaka wa 1838 kulitia jina la Mary. Kwa hiyo katika mwaka mmoja wanawake wawili walimwandaa Shakespeare kwa ajili ya vijana wa Uingereza, na wote wawili wakakaa nyuma ya kaka zao. Anayehakiki nafasi ya mwanamke katika jamii, dhamira ambayo haikosi katika mitihani yetu, ana mfano hapa usiotoka katika riwaya.

Thomas alipoichukua kazi aliikamilisha. Toleo lake la mwaka wa 1818 lilikuwa na majuzuu kumi, na safari hii jina lake lilitajwa. Alikuwa mtu wa mambo mengi: alisomea udaktari Edinburgh lakini akaiacha kazi hiyo, akajishughulisha na hali ya wafungwa magerezani, na alikuwa mchezaji hodari wa sataranji. Toleo lake lilipoanza kuuzwa halikuvuma. Mwaka wa 1821 Francis Jeffrey, mhakiki aliyeogopwa sana wa jarida la "Edinburgh Review", alilisifu, na tangu hapo likachapishwa tena na tena.

Alichokata na alichoshindwa kukata

Katika ukurasa wa kwanza wa kitabu chake Thomas Bowdler alitangaza kwamba hakuongeza neno lolote katika matini asilia, ila aliondoa yale ambayo hayawezi kusomwa kwa sauti mbele ya jamaa bila haya. Hakulitimiza tangazo hilo kwa ukamilifu, kwa maana jina la Mungu likitajwa ovyo na wahusika alilibadili likawa la mbingu. Hata hivyo, alitangaza. Mnunuzi alijua anachonunua, na Shakespeare kamili alipatikana katika duka lilo hilo.

Hebu tumlinganishe na Nahum Tate. Mwaka wa 1681 mtu huyo aliiandika upya tamthilia ya "King Lear". Akamfanya binti mwema, Cordelia, asife, bali aolewe na Edgar, na mfalme mzee akarudishiwa ufalme wake. Hiyo ndiyo "King Lear" iliyotawala majukwaa ya Uingereza kwa zaidi ya miaka 150, hadi mwigizaji Macready alipoirejesha matini ya Shakespeare jukwaani mwaka wa 1838. Tate aliua tanzia nzima. Wakati watu walipokuwa wakiitazama Lear yenye mwisho wa harusi jukwaani, Bowdler alikuwa akiwapa Lear anayekufa kwa huzuni kama Shakespeare alivyoandika. Lakini hakuna kitenzi kilichoundwa kutokana na jina la Tate. Lugha haigawi lawama kwa mizani.

Sehemu inayomfaa zaidi mwalimu wa fasihi ni pale ambapo mkasi wa Bowdler ulikwama. Katika sehemu ya pili ya "Henry IV" alimwondoa kahaba Doll Tearsheet kabisa, na tamthilia ikaendelea kutembea, ingawa kwa kuchechemea. Alipofika "Measure for Measure" mambo yakawa magumu. Tamthilia hiyo inahusu mtawala anayejifanya mtakatifu, anayetaka kumuua kijana mmoja kwa kosa la zinaa huku yeye mwenyewe akimtaka dada ya kijana huyo kimwili kama bei ya kumwokoa. Ukiondoa uchafu hapo hubaki na kitu. Bowdler hakuona njia, akachapisha matini iliyokuwa imekwisha tengenezwa kwa ajili ya jukwaa. "Othello" nayo ilimshinda. Alikiri kwamba haifai kusomwa na jamaa, na akashauri kwamba anayeona kuwa bado ina maneno yasiyovumilika aitoe sebuleni akaiweke ndani, katika kabati lake.

Tunayo hapa hakiki nzuri ya "Othello" kutoka kwa mtu asiyekusudia kuhakiki. Iago hana upanga mkubwa wala cheo kikubwa. Silaha yake ni maneno. Anamjaza Othello picha za mkewe akiwa na mwanamume mwingine, picha chafu, moja baada ya nyingine, hadi akili ya jemadari huyo inavunjika. Lugha ile ndiyo msuko. Ukimwondolea Iago matusi yake, msomaji atashangaa ni nini kilichomfanya mtu mwenye busara amuue mkewe. Ataona kitambaa cha mkononi tu, na atauliza, kama wanafunzi wengi wanavyouliza, kwani kitambaa ni kitu gani?

Kitenzi chapatikana

Thomas Bowdler alikufa mwaka wa 1825, na mwaka uliofuata ikachapishwa kazi yake ya mwisho, historia ya Edward Gibbon kuhusu kuanguka kwa Dola ya Kirumi, ikiwa imeondolewa sehemu zilizoonekana kuukashifu Ukristo. Hadi hapo kitenzi hakijazaliwa. Kwa mujibu wa wanakamusi, mfano wa kwanza ulioandikwa ni wa mwaka wa 1836, na aliyeuandika ni Thomas Perronet Thompson, mwanajeshi na mbunge wa mji wa Hull, katika barua zake kwa wapiga kura.

Mtu huyu anastahili sentensi chache, kwa sababu njia yake iligusana na historia yetu ya pwani. Alikuwa gavana wa Sierra Leone kuanzia mwaka wa 1808 hadi 1810. Mwaka wa 1820, akiwa katika Ghuba na akijua Kiarabu, alishiriki kuutayarisha mkataba kati ya Uingereza na masheikh wa huko, mkataba uliokuwa na kifungu cha kulaani biashara ya watumwa. Mwaka huo huo aliongoza jeshi dhidi ya kabila la Bani Bu Ali nchini Oman, akishirikiana na Sayyid Said bin Sultan, yule yule ambaye baadaye aliyahamishia makao yake Unguja. Walishindwa vibaya, na Sayyid Said akajeruhiwa.

Miaka kumi na sita baada ya kushindwa huko Thompson anawaandikia wapiga kura wake kwa mzaha. Anasema kwamba miongoni mwa Wakristo wa kwanza wanaotajwa na Mtume Paulo wamo wenye majina ya miungu ya Kiyunani, na kwamba wacha Mungu wa siku zake wasingeyavumilia. Mbaya zaidi ni Epafrodito, anayetajwa katika Waraka kwa Wafilipi, kwa kuwa jina lake linatokana na Afrodite, mungu wa kike wa mapenzi. Jina kama hilo, Thompson anadokeza, lingehitaji kupitishwa mikononi mwa Bwana Bowdler. Basi kitenzi kilianza maisha yake kikiwacheka watu wanaoona uchafu hata katika Biblia. Hakikulenga Shakespeare.

Tofautisha kitenzi na kitendo. Kitenzi kilikuwa cha dhihaka tangu mwanzo, lakini kitendo kiliendelea kuheshimiwa karne nzima. Lewis Carroll, mwandishi wa hadithi za Alice, aliandika mwaka wa 1889 kwamba hata Bowdler hakukata vya kutosha, na kwamba alikusudia kuandaa Shakespeare wa wasichana. Mshairi Swinburne alimtetea Bowdler mwaka wa 1894 na kudai kwamba hakuna aliyemtendea Shakespeare wema kuliko yeye, kwa kuwa alimwezesha kuingia mikononi mwa watoto wenye akili. Swinburne huyu ndiye ambaye mashairi yake ya mwaka wa 1866 yalizua kelele za uchafu hata mchapishaji wake akayaondoa sokoni. Mtu aliyechomwa na moto ule, naye anamsifu mwenye kibiriti! Lakini hoja yake ina uzito: suala lilikuwa watoto kumpata Shakespeare aliyepunguzwa au kutompata kabisa.

Chujio la tatu

Hoja hiyo ya Swinburne ina ushahidi wake huku kwetu. Mwaka wa 1867 mmishenari Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu miaka michache baadaye, alichapisha Unguja kijitabu kilichoitwa "Hadithi za Kiingereza". Ndani yake mlikuwa na hadithi nne zilizotokana na Shakespeare, miongoni mwazo ya Mfalme Lear na ya mfanyabiashara wa Venisi. Hakuzitoa katika tamthilia zenyewe. Alizitoa katika kitabu cha Charles na Mary Lamb. Kwa hiyo Shakespeare wa kwanza kuchapishwa kwa Kiswahili alifika akiwa amekwisha chujwa: ndugu wale wawili waliondoa shairi, mizaha na yale yasiyofaa vijana, kisha Steere akateua na kufasiri kwa namna aliyoona yafaa. Msomaji wa Kiswahili alisubiri karibu karne nzima hadi Julius Nyerere alipochapisha tafsiri yake ya "Julius Caesar" mwaka wa 1963, tamthilia nzima, kwa shairi. Je, ingekuwa heri hadithi zile nne zisingekuwapo? Sidhani.

Nyerere huyo huyo aliifasiri tamthilia ya mfanyabiashara wa Venisi mwaka wa 1969 na kuiita "Mabepari wa Venisi". Anwani hiyo imebeba siasa ambayo Shakespeare hakuwa nayo, lakini tusilichanganye hilo na mada yetu. Kufasiri kwa mwelekeo fulani ni jambo jingine. Kitenzi chetu huhusu kupunguza.

Kitenzi chageuka tusi

Katika karne ya 20 heshima ya kitendo iliporomoka, nacho kitenzi kikapoteza tabasamu lake. Mfano ulio dhahiri zaidi unahusu shule. Mwaka wa 1953 Ray Bradbury wa Marekani alichapisha "Fahrenheit 451", riwaya kuhusu jamii inayochoma vitabu. Kuanzia mwaka wa 1967 wachapishaji wake, Ballantine, walitoa toleo maalumu la shule za sekondari. Ndani yake sehemu zipatazo 75 zilibadilishwa, na maneno ya kiapo na ya ulevi yakaondolewa. Hapakuwa na tangazo lolote. Ilifika wakati toleo hilo lililokatwa ndilo pekee lililouzwa. Mwandishi mwenyewe hakujua hadi mwaka wa 1979, na ndipo matini yake iliporudishwa. Linganisha na ukurasa wa kwanza wa Bowdler. Aliyetangaza ndiye aliyeachiwa kitenzi kibebe jina lake. Waliokata kwa siri hawakuachiwa chochote.

Tangu hapo kitenzi kimepanuka kimaana. Hakihusu tena mambo ya kimwili na matusi pekee. Mwaka wa 2011 kampuni ya NewSouth ya Marekani ilitoa "Huckleberry Finn" ya Mark Twain ikiwa imebadilisha neno la dharau wanaloitwa Weusi. Mwaka wa 2023 ilibainika kwamba wachapishaji Puffin wamehariri vitabu vya watoto vya Roald Dahl, wakaondoa maneno juu ya unene na sura za watu, na mahali pengine wakaongeza sentensi. Kelele zilipozidi, Puffin walitangaza kwamba matini asilia nazo zingeendelea kuchapishwa. Kitenzi cha Bowdler kilisikika tena katika mijadala hiyo, ingawa yeye alidai kutoongeza hata neno. Leo kitabu kilichofupishwa vibaya, hata ripoti iliyolegezwa makali, huweza kupewa sifa hiyo. Wanaisimu huuita mchakato huu upanuzi wa maana. Mimi naona pia kuna uvivu ndani yake.

Kwa Kiswahili tusemeje?

Kiingereza huunda kitenzi kutokana na jina la mtu bila taabu. Kiswahili hunyambua kutokana na nomino na vivumishi, tukapata taifisha kutoka taifa na sanifisha kutoka sanifu, lakini jina la mtu halizai kitenzi kwa urahisi. Mtu akisema "kubaudlisha" atachekwa, na ni haki yake. Hatuna budi kuchagua miongoni mwa vitenzi tulivyo navyo, na kila kimoja kina hukumu tumboni. Kuchuja hudokeza kwamba kilichobaki kitambaani ni machicha. Kupogoa hudokeza kwamba mti utastawi zaidi. Kufyeka hakubagui gugu na mmea. Kuhasi ni kukali kuliko vyote, na Waingereza wa kale nao walikuwa wakisema hivyo kuhusu kitabu kilichokatwa. Mtahini akikupa kifungu cha kufasiri chenye kitenzi hiki, usikimbilie kisawe kimoja. Uliza kwanza msemaji yuko upande gani. Swinburne angesema kuchuja. Bradbury angesema kuhasi.

Istilahi ya tasfida haitoshi. Tasfida ni uamuzi wa msemaji au mwandishi mwenyewe, nayo ni sehemu ya sanaa yake. Kitenzi chetu humhusu mtu wa pili, anayeamua kwa niaba ya mwandishi aliyekwisha amua.

Tuje basi kwenye vitabu vyetu. "Rosa Mistika" ya Euphrase Kezilahabi ilipochapishwa mwaka wa 1971 ilipigwa marufuku shuleni nchini Tanzania kwa sababu ya maelezo yake ya mapenzi, kisha miaka ikapita ikaja kusomwa na kutahiniwa. "Utengano" ya Said Ahmed Mohamed, ya mwaka wa 1980, tuliifundisha hapa Kenya kwa miaka kadhaa, na si walimu wachache waliopita kwa mbio pale Maimuna anapofika kwa Mama Jeni. Jambo moja linanishangaza kila ninapoziweka riwaya hizi mbili pamoja. Zote zinahusu binti aliyelelewa kwa kufungiwa. Zakaria anamlinda Rosa kwa ukali dhidi ya wavulana. Maksuudi anamfungia Maimuna ndani asiujue ulimwengu. Mabinti hao wanapotoka nje hawana silaha yoyote, na ulimwengu unawameza. Waandishi wote wawili wameandika juu ya mzazi anayechuja maisha kabla hayajamfikia mtoto. Mwalimu anayezikata kurasa za Mama Jeni ili kuwalinda wasichana wa kidato cha tatu anakuwa Maksuudi bila kujua, na mtahiniwa anayeulizwa aonyeshe madhara ya malezi ya Maksuudi anabaki na sababu isiyo na matokeo.

Sisemi kwamba kila ukurasa usomwe kwa sauti mbele ya kila darasa. Baba yule wa Bath alikuwa na haki ya kuruka, nasi tunayo, kwa kuwa kitabu kizima kimo mezani mwa mwanafunzi. Mwalimu awaambie tu: kurasa hizi mbili mtazisoma wenyewe, na kesho tutajadili zinafanya kazi gani katika msuko. Wengine hulalamika kwamba hilo litawafanya wazisome kwa pupa. Watazisoma kwa pupa hata usiposema.

Anayetaka kulijaribu suala hili darasani ana zoezi rahisi. Chukua sura moja ya riwaya mnayoisoma. Kundi moja liiandike upya kana kwamba ni ya kusomewa watoto wa darasa la tano, kundi la pili liorodheshe kila kilichoondolewa, na kundi la tatu, ambalo halijaisoma sura asilia, lieleze tabia za wahusika kwa kutegemea toleo jipya pekee. Kisha wekeni majibu ya kundi la tatu ubaoni kando ya sura yenyewe.